Hoteli ya Kulala Mwalimu

Mwalimu alipiga simu mwenyewe. Wiki moja kabla ya safari alikaa sebuleni, akavaa miwani, akaipigia ile hoteli kubwa iliyo karibu na chuo kikuu na kuuliza kwa sauti aliyokuwa akiitumia darasani, "Mna lifti?" Akaambiwa ipo. Akashukuru, akakata simu, akamwambia bintiye aanze kufunga mizigo.

Na kweli lifti ilikuwepo. Walipoingia mapokezi mchana ule, vumbi la safari likiwa bado mabegani, waliiona pale kwenye kona, milango yake ikimetameta kama sinia jipya, na katikati ya milango hiyo pamebandikwa karatasi: SAMAHANI, HAIFANYI KAZI.

Mwalimu aliisoma, akairudia. "Hawakunidanganya," alisema. "Niliuliza kama wanayo. Sikuuliza kama inapanda."

Bintiye hakucheka. Mtaani kwao walimwita Kitana, jina alilolipata utotoni kwa sababu kila ukimwona alikuwa na kitana kimechomekwa kwenye nywele, na siku hizi alikuwa na saluni yake mwenyewe. Saluni hiyo alikuwa ameifunga ili amsindikize mama yake, maana kesho yake asubuhi Mwalimu alikuwa anakwenda kuketi mbele ya watahini wa chuo kikuu na kutetea tasnifu yake ya uzamivu.

Halikuwa jambo dogo. Mwalimu alifundisha hesabu shule ya msingi mpaka siku basi alilopanda lilipopinduka, naye akatoka hospitali akiwa hai lakini miguu haimsikii tena. Watu walimpa pole, wakamwambia sasa apumzike. Yeye akajiandikisha chuo kikuu. Alisomea nyumbani, kwenye meza ile ile ya chakula, na kila alipoambiwa aache kujitesa alijibu kwamba miguu ndiyo iliyostaafu, si yeye.

Kijana wa mapokezi, mwenye tai iliyonyooka na tabasamu la kazini, alimtazama Kitana. "Hakuna shida kabisa, dada. Tuna vijana wenye nguvu zao. Watambeba mpaka ghorofa ya tatu, hata hatachoka."

"Mgeni ni mimi," Mwalimu alisema kutoka kitini.

Kijana akainama kidogo, kama mtu anayeongea na mtoto. "Samahani, Mama. Watakubeba vizuri tu."

"Na nikitaka kushuka?"

"Unapiga simu hapa mapokezi, wanakuja."

"Na wakiwa wamekwenda kula?"

Kijana akarekebisha tai yake. Kitana akaanza kusema labda kuna chumba cha chini, kijana akatikisa kichwa: chini ni ukumbi, jiko na ofisi tu. Mwalimu alikuwa amekwisha kuvaa glavu zake za ngozi, zile za kusukumia magurudumu. Akakigeuza kiti chake kuelekea mlangoni.

"Kitana, beba mizigo. Mji huu una hoteli nyingine."

Nje jua lilikuwa kali. Barabara ya chuo ilijaa wanafunzi waliobeba mabegi mgongoni, vibanda vya fotokopi vilivyobanana, mabango ya kuchapa na kujalidi kazi za watu, maduka ya kalamu na chaja za simu. Mwalimu alijisukuma mwenyewe kandokando ya barabara, na Kitana akamfuata akikokota sanduku ambalo gurudumu lake moja lilikuwa na ukaidi wa punda. Walipofika kwenye kivuli cha duka, Mwalimu alimpigia simu profesa aliyemsimamia, akamweleza kwamba wanatafuta hoteli nzuri karibu na chuo. Profesa alifurahi kweli kuombwa ushauri. Akamtajia hoteli ile ile waliyotoka. "Ina lifti nzuri sana," alisema.

Mwalimu akakata simu taratibu. "Anapenda kusaidia," alimwambia Kitana. "Ila naona hajawahi kulala pale."

Nyumba ya wageni waliyoingia baada ya hapo ilikuwa mtaa wa pili, nyuma ya safu ya vibanda vya fotokopi. Mwenyewe alikuwa mzee mnene, mcheshi, aliyetoka nje kuwapokea akiwa bado ana taulo begani. Chumba kilikuwa chini, safi, kina dirisha kubwa na kitanda cha kimo kizuri. Kitana akaanza kupumua. Lakini Mwalimu hakutazama kitanda. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlango wa bafu, na magurudumu ya kiti yakagonga miimo ya mlango kushoto na kulia.

"Hapana tatizo, mwalimu wangu!" yule mzee alisema, akipiga makofi. "Mlango huu nautoa sasa hivi. Nafungua bawaba, natoa na fremu, kiti kinaingia kama siagi. Halafu natundika pazia. Pazia zito, zuri, la maua."

"Pazia," Mwalimu alisema.

"La maua."

"Mzee wangu, nashukuru kwa moyo wako. Lakini mimi nimekuja mjini kutetea tasnifu, sikuja kuoga hadharani."

Mzee alicheka mpaka taulo likaanguka, akawasindikiza hadi barabarani na kuwatakia heri. Kabla ya kuondoka, Kitana aliinama nyuma ya kiti cha mama yake, akavua kitambaa alichojifunga kichwani, akakinyoosha kutoka gurudumu hadi gurudumu na kufunga fundo pale upana ulipoishia. Sasa angeweza kupima milango bila kumpitisha mama yake kwenye aibu ya kugonga miimo.

Lakini walizunguka sana baada ya hapo. Palipokuwa na mlango mpana palikuwa na ngazi. Palipokosekana ngazi, vyumba vya chini vilikuwa vimejaa. Jua lilipoanza kuegemea upande, Kitana alisimamisha sanduku katikati ya njia.

"Mama, nakuomba. Turudi ile hoteli kubwa."

Mwalimu akaendelea kusukuma.

"Mama! Usiku mmoja tu. Wakubebe leo, wakushushe kesho, basi. Umechoka, mikono yako inatetemeka, naiona. Kesho unahitaji nguvu za kuongea, na unazimalizia hapa barabarani kwa sababu ya ubishi."

Mwalimu alisimamisha kiti. Hakuongea kwa hasira.

"Siku ya harusi yako, walinibeba kunipandisha ukumbini. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Yule aliyenibeba alikuwa kijana mwema, wala hakunitupa. Tulipofika juu, mimi nikiwa mikononi mwake, uso wangu hapa na wake hapa, akakugeukia wewe bibi harusi, akakuuliza: 'Nimweke wapi?'" Mwalimu alivua glavu moja, akafuta jasho usoni. "Akakuuliza wewe. Nami nina mdomo. Siku nzima ile nilikaa nikihisi kama kabati lililohamishwa. Watu walikuja kunisalimia na mimi sikupata la kusema. Mimi, mwanangu! Mimi nikose la kusema!"

Kitana alitazama chini.

"Kesho kuna watu wanne wamejiandaa kunihoji. Nikilala mahali ambapo siwezi kutoka chumbani mpaka wanaume wawili wapatikane, nitaamka nikiwa kabati. Na kabati halitetei tasnifu. Ukitaka nenda kalale kule, pana vitanda vizuri. Mimi natafuta hoteli."

"Nani kasema nakwenda?" Kitana alisema. Akalishika sanduku lake, akalivuta kwa nguvu mpaka lile gurudumu kaidi likapiga kelele. "Twende."

Kuanzia hapo Kitana hakuomba tena kupumzika, na hoteli iliyofuata ndiyo iliyomjaribu. Ilikuwa mpya. Ilikuwa na njia ya mteremko mlangoni, iliyojengwa kwa saruji laini na yenye vyuma vya kushikilia. Chumba kilikuwa chini, mlango wa bafu ulikuwa mpana kuliko fundo la kitambaa, hata kioo kilitundikwa chini kiasi cha mtu aliyeketi kujiona. Mwalimu alijitazama kwenye kioo hicho, akatabasamu.

Ndipo dari likaanza kutetemeka. Dum, dum, dum.

"Ni nini hicho?" Kitana akauliza.

"Wanajaribu spika," mhudumu alisema. "Juu tuna baa. Leo wanafunzi wanasherehekea kumaliza mitihani. Lakini ni mpaka alfajiri tu."

Mwalimu alikiangalia chumba, akaviangalia vile vyuma vya kushikilia vilivyong'arishwa, akameza mate. "Nitavumilia," alisema.

"Hapana," Kitana akasema.

"Nitajiziba pamba masikioni."

"Mama, hapana. Umeniburuta mji mzima kwa sababu unataka uamke ukiwa mtu mzima na akili zako. Utaamka vipi hujalala? Hukukubali pazia, mimi sikubali ngoma juu ya kichwa chako."

Walitazamana. Dari lilipiga tena, na balbu ikacheza.

"Umekuwa mbishi," Mwalimu alisema.

"Nimezaliwa na nani?"

Walitoka. Nje ya duka moja la vitabu palikuwa na baraza pana lenye kivuli, na Kitana akamwomba mama yake amsubiri pale huku yeye akizunguka vichochoro peke yake, apate kwenda haraka. Alipoondoka, tayari Mwalimu alikuwa ameanza kumsaili mwanafunzi mmoja aliyekaa hapo kuhusu kitabu alichokuwa ameshika.

Kitana alipita mtaa baada ya mtaa, kitambaa mkononi, jasho likimtiririka mgongoni. Alichungulia milango, akahesabu ngazi kwa macho, akaendelea. Kwenye kichochoro kimoja kilichotulia alimwona mwanamume akisukuma toroli iliyosheheni mashuka machafu. Toroli ilikuwa pana na nzito, na yule mtu alikuwa anapiga mluzi tu, hatoki hata jasho. Akakunja kona, akaingia nayo kwenye geti la nyuma la jengo la ghorofa moja lililopakwa rangi nyeupe.

Kitana alisimama. Kama toroli inaingia, alijiuliza, kitu gani kinazuia kiti? Akamfuata. Ndani ya geti palikuwa na uwanja mdogo wenye kamba za kuanikia, na njia ya mteremko iliyopanda mpaka chumba cha kufulia.

"Dada, unatafuta kazi?" mwanamume wa toroli akamuuliza.

"Natafuta chumba. Hii ni hoteli?"

"Ni hoteli, lakini wageni huingia kwa mbele."

Kwa mbele palikuwa na mlango mzuri wa mbao, maua kwenye makopo, na vidaraja viwili vya kupandia. Vidaraja viwili tu, vifupi, lakini kwa kiti ni sawa na ukuta. Meneja alikuwa mwanamke mfupi, miwani ameipandisha kichwani, mwenye mwendo wa mtu ambaye ana mambo saba ya kufanya kwa wakati mmoja. Kitana akamweleza. Meneja akamsikiliza vizuri, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Vyumba vya chini ninavyo, tena pana kimya. Ila sitaki kukudanganya, dada yangu. Hapa hatujawahi kupata mgeni wa kiti cha magurudumu."

"Mmewapata," Kitana alisema. "Wamefika hapo nje, wakaangalia vidaraja, wakaondoka. Hamkuwaona tu."

Meneja aliiteremsha miwani machoni. Alimtazama Kitana, kisha akatoka, akasimama nje ya mlango wake mwenyewe na kuvitazama vile vidaraja kana kwamba vimeota asubuhi hiyo.

"Anaweza kupita nyuma," alisema baadaye. "Njia ya kufulia."

"Mama yangu hataingia na mashuka machafu. Ataingia kwa mlango huu, kama wageni wako wote."

"Wewe dada, unakuja na masharti!"

"Nimetembea toka mchana. Masharti ndiyo yaliyonibakia."

Meneja akacheka bila kupenda. Akamwita yule mwanamume wa toroli, ambaye kumbe ndiye aliyekuwa pia akitengeneza mabomba, taa na kila kilichoharibika pale, akamwambia alete ule ubao mnene waliopandishia majokofu. Ubao ukaletwa, ukalazwa juu ya vidaraja. Ulikuwa mpana na imara, ila ulikaa wima mno, na Kitana alipoukanyaga ukateleza. Wakaleta ubao mwingine wa kuurefusha, wakaukaza kwa misumari, wakaweka mifuko ya mchanga pembeni.

"Sasa uko sawa," Meneja alisema.

"Tujaribu kwanza."

"Tujaribu na nini?"

Kitana aliitazama toroli ya mashuka. Alipandisha sketi yake kidogo, akapanda, akaketi juu ya mashuka na kukunja miguu. "Nisukume," alimwambia yule mwanamume.

Wanafunzi wawili waliokuwa wakipita walisimama kuangalia. Mwanamume wa toroli akamtazama Meneja, Meneja akatazama mbinguni, na toroli ikapanda ubao ikiwa na msusi ndani yake, ikashuka, ikapanda tena. Mara ya pili ubao ulilia kwa upande mmoja, wakaongeza misumari. Mara ya tatu ulinyamaza. Wale wanafunzi wakapiga makofi.

Kisha Kitana akaenda chumbani na kitambaa chake. Akakinyoosha kwenye mlango wa bafu. Fundo likapita, na nafasi ya vidole vitatu ikabaki. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akajikuta machozi yanamtoka. Akayafuta upesi kwa kile kile kitambaa, maana kazi haikuwa imekwisha: mama yake alikuwa hajakubali.

Kitana akarudi barazani kumchukua. Mwalimu alipofika mbele ya hoteli aliutazama ubao kwa muda mrefu. Alivaa glavu, akakisogeza kiti nyuma, akaja kwa kasi. Akafika katikati. Mikono iliyosukuma tangu mchana ikamwishia, na kiti kikaanza kurudi nyuma. Watu watatu walimrukia.

"Msinishike!"

Wakarudi nyuma. Kiti kikashuka mpaka chini, akakifunga breki. Alikuwa anahema. Kitana aliificha mikono yake mgongoni ili isimtoroke. Mwalimu akapumzika, akapangusa viganja kwenye sketi, akaanza upya, safari hii polepole, akivuta magurudumu kidogo kidogo, shingo imekakamaa. Magurudumu ya mbele yakagusa kizingiti. Akaingia.

"Karibu, Mama," Meneja alisema, naye alimwambia Mwalimu, si Kitana.

"Ahsante. Bafu liko wapi?"

Akaingia bafuni na kiti chake. Mlango ukafungwa. Wakasikia komeo likipita: kach. Kisha kimya. Meneja, Kitana na yule mwanamume wa toroli walisimama chumbani kama wanaosubiri matokeo.

"Mama?" Kitana akaita. "Uko salama?"

"Niko salama. Nafaidi tu, jamani. Nipeni nafasi."

Jioni hiyo walikula chumbani, wali na maharage kutoka jikoni kwa Meneja, kisha Kitana akatoa mafuta na vitana vyake na kuanza kumsuka mama yake. Alimsuka mistari myembamba, iliyotulia, ya mtu anayekwenda mbele za watu. Huku mikono ikifanya kazi, alijifanya mtahini.

"Mwanafunzi wako," alisema kwa sauti nzito, "anaulizwa hamsini na mbili toa thelathini na nane. Anajibu ishirini na sita. Huyo si mjinga?"

"La. Anatazama tano na tatu, anapata mbili. Anatazama mbili na nane, anaona mbili haitoshi, basi anazigeuza, nane toa mbili, anapata sita. Sisi ndio tuliomwambia ndogo hutolewa kwenye kubwa. Ametutii."

"Kwa hiyo kosa ni la nani?"

"Usinivute nywele, mtahini."

"Jibu swali."

"Kosa lina sababu, na mwalimu asiyeitafuta sababu hiyo atalisahihisha leo na kulikuta tena kesho. Ndiyo tasnifu nzima hiyo. Kurasa zilizobaki ni ushahidi."

Kitana alifunga mstari wa mwisho. Alitaka kumwambia mama yake kwamba amependeza, lakini alipomtazama usoni aliona amekwisha kusinzia.

Asubuhi, Kitana aliamka akakuta kitanda cha pili kimetandikwa. Kiti hakikuwepo. Gauni la kijani lililokuwa limetundikwa mlangoni halikuwepo, wala jalada lenye tasnifu. Alitoka mbio, kanga kiunoni, nywele timtim.

"Mama yangu!"

"Ametoka na jua," Meneja alisema, akimwaga maji kwenye maua. "Amekunywa chai, ameaga. Nimemwambia nimtafutie mtu wa kumsindikiza, ameniangalia mpaka nikaomba radhi."

"Na wewe ukamwacha?"

"Dada yangu," Meneja alisema kwa upole, "si ndicho ulichokuwa unakitafuta jana kutwa?"

Kitana alivaa upesi upesi, viatu vya kushoto na kulia vikigombana, akashika njia ya chuo. Kila alipopita aliona hatari ambazo jana hakuziona: mfereji usiofunikwa, pikipiki zinazokata kona bila kuangalia, kilima kifupi karibu na geti. Je, kama mikono imemwishia hapo kilimani? Kama kiti kimerudi nyuma? Alikimbia.

Alimkuta ndani ya geti, mbele ya jengo la idara, kwenye uwanja wa nyasi zilizokatwa. Hakukuwa na mtu mwingine ila mfagiaji mmoja kwa mbali. Mwalimu aliketi ameyapa mgongo majengo, gauni la kijani limemkaa vizuri, glavu amezilaza mapajani. Vumbi lilikuwa limemjaa kwenye kiwiko kimoja, na alikuwa anaongea peke yake, akihesabu hoja kwa vidole.

"Mama!"

"Ah, umeamka."

"Umenitoa roho! Kwa nini hukuniamsha? Na hilo vumbi je? Umeanguka?"

"Nilijikwaruza ukutani pale kilimani. Nilipumzika, nikapanda." Mwalimu alimtazama bintiye, nywele zake, kanga aliyoisahau begani. Uso wake ukalegea. "Nilitaka kuja peke yangu, mwanangu. Tangu ile ajali sijawahi kutoka nyumbani nikafika mahali bila mtu nyuma yangu. Nikasema leo. Leo nikiingia mle ndani, niwe nimejileta."

Kitana alitaka kugomba. Alikuwa na maneno ya kutosha, aliyakusanya njia nzima. Badala yake alichuchumaa mbele ya kiti, akalamba kidole, akamfuta mama yake vumbi kwenye kiwiko, akaweka sawa unywele mmoja uliochomoka.

"Haya," alisema. "Sasa umependeza."

Chumba cha mtihani kilikuwa chini, kwa kuwa Mwalimu alikuwa amekwisha kuwasumbua wahusika mapema mpaka wakamhamishia huko. Watahini walifika, wakasalimiana, wakaingia. Kitana alibaki kwenye benchi la koridoni. Mwanzoni alisikia sauti ya mama yake tu, imetulia. Halafu sauti ya mwanamume, kali, inauliza na kuuliza tena. Kimya kilichofuata kilimfanya aukamate mkoba wake kwa mikono miwili. Kisha Mwalimu akaongea, na humo ndani mtu akacheka, na mwingine, na ile sauti kali ikasema, "Subiri, subiri, rudia hapo." Haikuwa kali tena. Ilikuwa sauti ya mtu anayetaka kujua.

Walimwomba Mwalimu atoke wajadiliane. Alikaa koridoni na bintiye, wote wawili wakiutazama mlango. Walipomwita tena, Kitana alichungulia kabla mlango haujafungwa na kuona wale watahini wanne wamesimama.

Mwalimu alipotoka alikuwa na jalada mapajani na macho mekundu.

"Vipi?"

"Nimefaulu. Wanataka marekebisho. Sura ya tatu hawajaipenda." Akapiga chafya, au akajifanya kupiga chafya. "Wana haki. Sura ya tatu ni mbovu."

Kitana alimkumbatia pale pale, kiti na yote, mpaka profesa aliyekuwa anatoka nyuma yao akalazimika kusubiri njia ipatikane.

Waliporudi hotelini ilikuwa karibu adhuhuri, na ubao ulikuwa bado mlangoni. Wageni wawili walikuwa wanaupandisha masanduku yao ya magurudumu bila hata kuufikiria. Kitana akaenda moja kwa moja kukusanya vitu, maana wateja wake wa saluni walikuwa wameanza kupiga simu. Alikuwa anakunja gauni la kulalia Mwalimu aliposema, "Usifunge."

"Kwa nini?"

"Tulale tena leo."

"Mama, umekwisha kufaulu. Tunabaki kufanya nini?"

"Kulala," Mwalimu alisema. "Jana nililala hapa nikiwa mtahiniwa, nikiota watahini. Leo nataka nilale kama mgeni."

Kitana alisimama na gauni mikononi. Kisha akalirudisha kwenye sanduku, akatoka nje kuwapigia simu wateja wake na kuwaambia wasubiri mpaka keshokutwa, na asiyeweza kusubiri ajisuke mwenyewe. Mmoja alibishana naye, wakabishana weee, na mwishowe yule mteja akauliza safari ilikuwa ya nini hasa, naye akajikuta anamsimulia yote, sauti ikipanda, mkono mmoja hewani, huku Meneja akisikiliza kwa kuibia nyuma ya maua yake. Aliporudi chumbani, Dokta Mwalimu alikuwa amejihamisha kitandani, amelala fofofo mchana kweupe, na viatu miguuni.